Jinsi ya Kuhakiki Njia Uliyoiandika Kwenye Kompyuta ya Ndege: Mwongozo Kamili kwa Marubani

Rubani akiulizwa kama amehakiki njia, atajibu ndiyo, na wala hasemi uongo. Alichofanya ni kuisoma njia kwenye ukurasa wa kompyuta, kisha akatazama skrini ya ramani na kuona mstari umenyooka. Shida ni kwamba mstari ule umechorwa na kompyuta ileile, kwa namba zilezile. Namba ikiwa na kosa, ramani italichora kosa hilo kwa unadhifu, na otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege wenyewe, italifuata bila kuyumba.

Kazi iliyomo humu ni moja tu: kila namba inayoingia kwenye kompyuta ilinganishwe na kitu ambacho kompyuta hiyo haikukitengeneza. Kitu hicho kinaweza kuwa karatasi, dira, saa ya mkononi, kituo cha redio kilichoko ardhini, hesabu ya kichwani, au jicho la mwenzako ambaye siye aliyeandika.

Mwongozo huu ni wa marubani wa ndege za abiria zenye kompyuta ya safari, yaani FMS, na wanaojifunza kuzirusha. Kitabu cha ndege yako na taratibu za kampuni yako vinatangulia. Vikitofautiana na maelezo haya, fuata hivyo. Kila panaposemwa maili, ni maili za baharini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa kibodi

- Mpango wa safari ulioidhinishwa, wa karatasi au wa kwenye tableti, unaoonyesha mwelekeo na umbali wa kila kipande cha njia. Chagua nakala moja iwe nakala kuu. Nakala mbili zenye alama za kalamu ni sawa na kutokuwa na nakala.
- Chati ya maegesho yenye latitudo na longitudo ya geti lako.
- Chati za kuondokea, za njia na za kutua, za toleo linalotumika sasa.
- Kwa safari za baharini, chati ya kuweka alama za mahali ndege ilipo.
- Kalamu, na saa ya mkononi isiyopokea majira kutoka setilaiti. Saa hiyo utaiona umuhimu wake kwenye Hatua ya 9.
- Hesabu nne za kichwani: dakika moja ya latitudo ni maili 1, ukikosea mwelekeo kwa uzi 1 (digrii moja), baada ya maili 60 uko nje kwa maili 1, kushuka futi 1,000 kunahitaji maili 3, na kasi ya maili 480 kwa saa ni maili 8 kwa dakika.

Hesabu hizo nne zisiwe za kutafuta kwenye daftari. Ziwe mdomoni.

## Hatua ya 1: Angalia tarehe ya hifadhidata

Data za njia za anga hubadilishwa kila baada ya siku 28. Kompyuta nyingi hubeba toleo mbili kwa pamoja, la sasa na lijalo au lililopita. Fungua ukurasa wa utambulisho, soma tarehe za toleo linalofanya kazi, uone kama tarehe ya leo imo ndani yake.

Kama umevuka tarehe usiku uliopita na hakuna aliyebadilisha, badilisha sasa, kabla ya kuandika njia. Toleo likibadilishwa baadaye, njia uliyoandika huweza kufutika.

## Hatua ya 2: Iambie kompyuta ndege iko wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinajengwa juu yake.

Mfumo wa inesha, yaani vihisi vya mwendo vinavyokokotoa mahali ndege ilipo bila msaada wa nje, hauna macho. Unahisi mzunguko wa dunia, na kutokana na mzunguko huo unaweza kujua latitudo kwa makadirio na kulikataa kosa kubwa la latitudo. Longitudo hauwezi kuihisi kabisa. Dunia inazunguka vilevile ukiwa nyuzi 15 mashariki au nyuzi 151 mashariki. Kwa hiyo kosa la longitudo linaweza kupita kwenye usawazishaji, yaani kuuandaa mfumo huo kabla ya safari, bila mfumo kulalamika.

Tarehe 10 Machi 2015, ndege aina ya Airbus A330 ya AirAsia X ilikuwa Sydney ikijiandaa kwenda Kuala Lumpur. Longitudo ya geti ilikuwa 15109.8 mashariki, yaani nyuzi 151 na dakika 9.8. Iliyoandikwa ni 01519.8, yaani nyuzi 15 na dakika 19.8. Zitazame namba hizo mbili kwa haraka, kama mtu anayeharakishwa geti lifungwe. Zinafanana. Lakini ya pili iko baharini, magharibi ya Cape Town, zaidi ya kilomita 11,000 kutoka pale ndege ilipokuwa imesimama. Na Cape Town na Sydney ziko karibu kwenye latitudo moja, kwa hiyo upande wa latitudo hapakuwa na cha kushtua.

Dalili zilijitokeza kabla ya kuruka, lakini hakuna aliyezifuatilia hadi kwenye chanzo. Baada ya kuruka otopailoti ikaanza kupinda upande usio wake. Hali ya hewa Sydney ilizuia kurudi bila vifaa, ndege ikaelekezwa Melbourne na kutua huko.

Fanya hivi:

1. Rubani wa kwanza anasoma latitudo na longitudo kutoka kwenye chati, tarakimu moja moja, kwa sauti. Longitudo ina tarakimu tatu za nyuzi daima, hata kama ya kwanza ni sifuri. "Moja, tano, moja. Sifuri, tisa, nukta, nane."
2. Wa pili anaandika.
3. Aliyesoma anageukia skrini na kusoma kilichoandikwa, kisha anarudi kwenye chati. Aliyeandika asijihakiki mwenyewe. Jicho huona kile kidole kilichokusudia.
4. Fungua ukurasa unaoonyesha mahali kwa mujibu wa setilaiti na ulinganishe. Tofauti ya sehemu ya kumi ya dakika ni kawaida. Tofauti ya nyuzi nzima ni kosa, anza upya.
5. Usawazishaji ukikamilika, vuta skrini ya ramani hadi kipimo kidogo kabisa. Alama ya ndege iwe kando ya barabara ya kurukia, upande uleule unaouona dirishani.

Ukifanikiwa, geti lililoko nje na geti lililoko kwenye skrini litakuwa moja. Ukikuta ramani haina kiwanja chochote karibu na ndege, au onyo la mfumo wa mahali limewaka wakati wa kusukumwa, simama. Kosa hili ni rahisi kurekebisha ukiwa chini na gumu sana ukiwa juu, kwa sababu mfumo wa inesha unahitaji ndege iliyotulia ili usawazishwe kikamilifu.

## Hatua ya 3: Andika njia, kisha ihakiki kwa mwelekeo na umbali

Majina ya pointi hayatoshi. Duniani kuna pointi na vituo vya redio vingi vyenye jina moja au herufi moja, na kompyuta haijui ulikuwa na nia ya ipi.

Desemba 20, 1995, Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa ikishuka kwenda Cali, Colombia, usiku, kwenye bonde lenye milima pande zote. Marubani walitaka kwenda moja kwa moja kwenye kituo cha redio cha Rozo, ambacho kwenye chati kinatambulishwa kwa herufi R. Wakaandika R. Lakini kwenye hifadhidata, Rozo haikuwekwa chini ya R. Ilitakiwa jina zima liandikwe. R ya kwanza kwenye orodha ilikuwa kituo cha Romeo, karibu na Bogotá, maili zaidi ya 100 upande mwingine. Otopailoti ikageuza ndege kushoto, mashariki, kuelekea milimani, huku ndege ikiendelea kushuka. Watu 159 kati ya 163 walikufa.

Kwa hiyo, jina likileta orodha, usichague la kwanza kwa mazoea. Soma latitudo na longitudo ya kila moja. Ukishachagua, usibonyeze kutekeleza. Kompyuta inachora kwanza mstari wa vitone. Mwenzako autazame na kusema kama unaelekea mbele ya pua ya ndege au unakwenda mahali pasipoeleweka. Mstari unaoruka nje ya skrini ni jibu tosha.

Baada ya njia nzima kuingia, pita kipande kwa kipande. Mmoja anasoma kutoka kwenye kompyuta: jina, mwelekeo, umbali. Mwingine ana mpango wa safari mkononi na anaweka alama kwa kalamu. Kuwa mwangalifu na aina ya mwelekeo: mpango unaweza kuandika wa kijiografia na kompyuta ikaonyesha wa sumaku. Hiyo si tofauti ya kupuuza hadi ujue ni ya kiasi gani kwa eneo hilo. Mwisho, jumla ya umbali ya kompyuta na ya mpango zikaribiane kwa maili chache, na tofauti iwe na maelezo, kwa mfano barabara ya kutua haijachaguliwa.

### Pointi za nusu uzi juu ya bahari

Kwenye Atlantiki ya Kaskazini pointi huandikwa kwa mtindo unaoweza kumponza hata mzoefu. Pointi iliyoandikwa 5250N ni latitudo 52 kaskazini, longitudo 50 magharibi. Iliyoandikwa N5250 ni latitudo 52 na nusu kaskazini, longitudo ileile. Herufi moja imehama kutoka nyuma kwenda mbele, na ndege imehama maili 30. Ndiyo maana pointi za nusu uzi zimepewa pia mtindo mwingine unaoanza na H, ili macho yasichanganye.

Na hapa ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu wanahakiki umbali tu. Chukua kipande cha nyuzi 10 za longitudo kwenye latitudo 52: ni karibu maili 369. Badala ya kufika 52, fika 52 na nusu. Umbali hautatofautiana hata kwa maili 2. Mwelekeo, lakini, utatofautiana kwa karibu nyuzi 5. Umbali pekee ungekupa alama ya vema kwenye njia iliyokosewa.

Kinyume chake pia hutokea: pointi iliyorukwa kwenye mstari ulionyooka haibadilishi mwelekeo, ila inaongeza umbali. Hakiki vyote viwili, kila kipande. Kwa pointi za bahari, fungua pia ukurasa unaoonyesha latitudo na longitudo kamili ya pointi, maana jina fupi kwenye ramani halikuambii kama kuna dakika 30 zilizojificha.

## Hatua ya 4: Kabla ya kuruka, tamka mwelekeo wa kwanza

Ukiwa umejipanga kwenye barabara ya kurukia, tazama vitu vitatu: namba iliyochorwa kwenye barabara, dira kuu na dira ya akiba. Vikubaliane. Alama ya ndege iwe mwanzo wa barabara uliyoichagua kwenye kompyuta.

Kisha tamka, kutoka kichwani, utapinda upande gani baada ya kuruka na utaelekea mwelekeo upi kwenda pointi ya kwanza. Kama huwezi kuutamka, hujaisoma njia.

Mwaka 1989, Boeing 737 ya Varig ilitoka Marabá kwenda Belém, Brazili. Mpango wa safari uliandika 0270, ukimaanisha 027.0. Kapteni akaweka 270. Rubani msaidizi naye akaweka 270, kwa kuwa alinakili kutoka kwenye kifaa cha kapteni badala ya kusoma mpango mwenyewe. Badala ya kwenda kaskazini wakaenda magharibi, jua la machweo likiwa mbele yao, hadi mafuta yakaisha juu ya msitu. Watu 12 walikufa kati ya 54. Ndege ile haikuwa na kompyuta ya aina tunayoizungumzia, ila kosa ni lilelile: mwenzako akikunakili, hajakuhakiki.

## Hatua ya 5: Soma modi kwenye skrini, si kwenye kitufe

Kitufe kinaonyesha ulichoomba. Kilichokubaliwa kinaonyeshwa juu ya skrini kuu ya rubani, mahali modi, yaani namna otopailoti inavyoiongoza ndege, zinapoandikwa. Kuna modi iliyo tayari kusubiri, na kuna modi inayofanya kazi. Rangi au mstari ndio unaozitofautisha. Kwa modi inayosubiri, ndege bado inafuata kile kilichokuwepo kabla yake.

Huu si usomi wa vitabuni. Agosti 31, 1983, kwa saa za Alaska, ndege ya Korean Air Lines, safari namba 007, ilitoka Anchorage kwenda Seoul. Uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) ulihitimisha kwamba otopailoti ilibaki kwenye modi ya kufuata mwelekeo, au iliwekwa kwenye modi ya kufuata njia wakati ndege ilikuwa tayari mbali mno na njia hata modi hiyo isiweze kuishika. Ilipopita Bethel, Alaska, ilikuwa nje kwa kama maili 12. Iliendelea kupotoka kwa saa kadhaa hadi ikaingia anga la Umoja wa Kisovyeti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa.

Utaratibu ni huu. Baada ya kubonyeza, rubani anayerusha anasoma maneno yaliyoandikwa kwenye skrini. Anayefuatilia anathibitisha kwa kuyaona mwenyewe. Kisha wote wanasubiri hadi modi ya njia ihame kutoka kusubiri kwenda kufanya kazi, na ndege yenyewe ianze kupinda. Wakiingiliwa na redio katikati ya kusubiri, wanarudi kutazama. Kila mara waongoza ndege wanapokupa mwelekeo wa kufuata, andika neno "mwelekeo" kwenye karatasi yako na ulikate ukirudi kwenye njia. Ni ujanja mdogo, ila unaokoa.

## Hatua ya 6: Ratiba ya kila pointi ukiwa angani

Kwenye kimo cha safari, usingizi na mazungumzo ndiyo adui. Ratiba hii ifuatwe hata usiku wa manane.

Dakika 2 kabla ya pointi. Soma kutoka kwenye nakala kuu mwelekeo na umbali wa kipande kinachofuata. Linganisha na kompyuta.

Juu ya pointi. Tazama ndege ikipinda, na ipinde upande uliotarajia. Andika saa halisi na mafuta yaliyobaki. Tofauti ya dakika 3 au zaidi na makadirio itafutiwe sababu. Upepo ni sababu moja, lakini si sababu pekee.

Dakika 10 baada ya pointi, juu ya bahari. Chukua latitudo na longitudo, ikiwezekana kutoka kwenye ukurasa wa setilaiti au wa inesha badala ya mahali kompyuta ilipokokotoa, na uweke alama kwenye chati. Mstari kwenye chati uwe umechorwa kutoka kwenye kibali cha njia ulichopewa na waongoza ndege. Ukiuchora kutoka kwenye kompyuta, umerudi palepale tulipoanzia.

Kwa nini dakika 10? Rudi kwenye lile kosa la nusu uzi, lililozaa karibu nyuzi 5. Kwa maili 8 kwa dakika, baada ya dakika 10 umekwenda maili 80. Kwa hesabu ya moja kwa sitini, uko nje kwa maili 6 au 7: kosa linaonekana wazi kwenye chati. Kwenye Atlantiki ya Kaskazini, kupotoka kwa maili 10 au zaidi huhesabiwa kosa kubwa la uongozaji. Hapo utafika baada ya kama dakika 15. Alama ya dakika 10 inakukamata kabla. Alama ya dakika 20 inaandika taarifa ya kosa.

Jihadhari na maili 1 au 2 za kulia ambazo huruhusiwa kwa makusudi baharini ili ndege zisifuatane juu ya mstari mmoja. Kama mmeziweka, ziandikwe kwenye nakala kuu, na ziondolewe kabla ya kutoka eneo linaloziruhusu.

Skrini pia huonyesha namba ya usahihi uliokadiriwa wa mahali ndege ilipo. Iangalie, lakini ielewe: inakuambia kompyuta inajiamini kiasi gani kuhusu mahali ilipo, na haikuambii chochote kuhusu kama pointi unayoiendea ndiyo uliyopewa.

## Hatua ya 7: Njia ikibadilishwa ukiwa angani

Makosa mengi ya bahari huzaliwa hapa. Kibali kipya kinakuja, mmoja anaandika haraka, mwingine yuko kwenye redio.

Fuata mpangilio huu bila kuuruka: andika kibali kwa kalamu, kirudie kwa waongoza ndege, kisha ndipo uandike kwenye kompyuta. Mwenzako ahakiki mwelekeo na umbali wa vipande vyote vilivyobadilika na cha kwanza kinachofuata baada yao. Kama kibali kimekuja kwa ujumbe wa data na unaweza kukipakia moja kwa moja, kisome chote kwanza. Ujumbe mrefu huwa na sharti lililofichwa mwanzoni au mwishoni, na mabadiliko ya pointi moja katikati ya orodha iliyozoeleka hayaonekani kwa macho yaliyochoka.

Chora mstari juu ya njia ya zamani kwenye nakala kuu na kwenye chati. Tafuta mapengo ya njia kwenye ukurasa wa kompyuta. Ndege ikifika kwenye pengo itaacha kufuata njia na kushika mwelekeo iliokuwa nao.

Chini ya futi 10,000, vichwa viwili visiiname kwa wakati mmoja. Ukibadilishiwa njia karibu na kiwanja, acha kibodi na uombe mwelekeo wa kufuata. Waongoza ndege wana rada, na kuuliza hakugharimu kitu.

## Hatua ya 8: Kushuka na kukaribia

Kabla ya mahali pa kuanzia kushuka, piga hesabu. Uko futi 35,000, kiwanja kiko futi 2,000: kushuka futi 33,000, mara tatu kwa kila elfu, ni maili 99. Ongeza kama 10 za kupunguza kasi. Kompyuta ikisema uanze kushuka maili 70 kutoka kiwanjani, kuna namba mahali fulani iliyokosewa, mara nyingi sharti la kimo au upepo.

Kwa njia ya mwisho, soma kwenye chati mwelekeo, kimo cha pointi ya kuanzia mteremko wa mwisho, na vimo vya katikati. Linganisha na kompyuta moja moja. Usibadilishe vimo vya hifadhidata ili vifanane na unachokumbuka.

Kasi ya kushuka ina kipimo chake rahisi: kwa mteremko wa nyuzi 3, zidisha kasi ya ardhini kwa 5. Maili 140 kwa saa zinakupa futi 700 kwa dakika. Namba hiyo uitamke kabla, kwa sababu ya kilichotokea karibu na Strasbourg, Ufaransa, Januari 20, 1992. Wachunguzi waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba marubani wa Airbus A320 ya Air Inter waliweka 33 wakikusudia mteremko wa nyuzi 3.3, huku dirisha la namba la otopailoti likiwa kwenye modi ya kasi ya kushuka, na ndege ikaielewa kuwa futi 3,300 kwa dakika. Ikagonga mlima, watu 87 walikufa. Mtu anayesubiri kuona 700 au 800 hawezi kuipita 3,300 kimyakimya.

## Hatua ya 9: Setilaiti ikizibwa au ikidanganywa

Kuzibwa kwa mawimbi kunaonekana: onyo linawaka, mahali pa setilaiti panapotea. Kudanganywa ni kubaya zaidi, kwa kuwa mfumo unapokea mawimbi ya uongo na kuyaamini. Dalili za kutazama:

- saa ya ndege inaruka, inatofautiana na ya mkononi mwako;
- upepo au kasi ya ardhini inabadilika ghafla bila sababu;
- ramani inahama pembeni, au otopailoti inapinda mahali pasipo na pointi;
- onyo la ardhi linapiga kelele ukiwa kimo cha safari;
- vipokezi viwili vinatoa majibu tofauti.

Ukiona dalili moja, shika modi ya mwelekeo kwa mwelekeo uliokuwa nao, waarifu waongoza ndege, na uweke masafa ya kituo cha redio cha ardhini ili upate mwelekeo na umbali usiopitia setilaiti. Kisha itoe setilaiti kwenye hesabu ya mahali, kwa utaratibu wa kitabu cha ndege yako. Kwenye ndege ambazo inesha hulishwa na setilaiti, uongo unaweza kubaki ndani hata baada ya kutoka eneo lenye vurugu, hivyo usirudishe imani kwa sababu tu onyo limezimika.

Tahadhari moja: onyo la ardhi la uongo ukiwa juu lisikufundishe kulipuuza ukiwa chini. Ukiwa karibu na ardhi na huoni nje kwa uhakika, panda.

## Hatua ya 10: Ukiwa na shaka

Kwanza acha kushuka. Kule Cali, ndege ilipogeuka vibaya, marubani walitumia muda kuichunguza kompyuta na kurudi kulia huku kimo kikizidi kupungua. Shika kimo, na kama kimo hicho hakiko juu ya kimo salama cha eneo, panda.

Pili, modi ya mwelekeo, upande usio na milima. Tatu, waambie waongoza ndege waziwazi kwamba huna uhakika na mahali ulipo na uombe mwelekeo. Nne, tafuta mahali ulipo kwa vituo viwili vya redio. Kibodi ni ya tano.

## Mazoezi ya kuyafanya haya yawe ya kawaida

Januari 2013, mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa notisi ikiyataka mashirika yahimize marubani kurusha kwa mikono pale hali inaporuhusu. Kwenye uongozaji, mazoezi yanayosaidia zaidi ni ya simuleta: funika skrini ya ramani kwa karatasi, ruka kati ya vituo viwili vya redio, na kila baada ya dakika 5 mwalimu akuulize uko wapi, kiwanja kiko upande gani, na umbali gani. Jibu kwa maili na kwa nyuzi, kisha aifunue ramani.

Mara ya kwanza utakosea kwa maili 15 au 20. Rudia hadi ukosee kwa 5. Baada ya hapo mwombe mwalimu aanze kuharibu pointi moja kwenye njia bila kukuambia ni ipi.